Mchepuko Mmoja Uliziba, Mwenye Moyo Akaendelea: Kisa cha Bill Clinton

Tarehe 28 Agosti 2000 Bill Clinton, wakati huo Rais wa Marekani, alikuwa Arusha, ameketi na Nelson Mandela na viongozi wa ukanda huu, akishuhudia Warundi wakitia saini mkataba wa amani. Waliomtazama siku ile waliona mwanamume wa miaka 54 mwenye nguvu zake, anayekimbia mazoezi, anayecheka na kila mtu. Kumbe mishipa ya moyo haizibi kwa mwezi mmoja wala mwaka mmoja. Mafuta hutanda taratibu, tabaka juu ya tabaka, kwa miongo. Siku ile ya Arusha mishipa yake lazima ilikuwa imeshaanza kubanika, na yeye hana habari. Miaka minne baadaye alikuwa amelala juu ya meza ya upasuaji New York, moyo umesimamishwa, mashine inampumulia na kumsukumia damu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya swali ambalo kila familia huuliza mzee wao akitoka kupasuliwa moyo: sasa ataishi miaka mingapi? Wagonjwa wengi hatuwezi kuwafuatilia hadharani, na si haki kufanya hivyo. Ila Clinton ni mtu ambaye kila alipoingia hospitali dunia iliambiwa, na madaktari wake walisimama mbele ya kamera kueleza walichokikuta. Tunaweza kumfuata tangu 2004 hadi alipofika miaka 78. Na njiani lilitokea jambo ambalo wengi hudhani haliwezekani: upasuaji wenyewe uliharibika kwa sehemu, na mgonjwa hakufa.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Upasuaji huu wengi huuita baipasi. Barabarani neno hilohilo tunalo kwa Kiswahili: mchepuko, ile njia ya pembeni unayoipita barabara kuu ikiwa imefungwa. Najua neno hilo lina maana nyingine mtaani, na kwa Clinton hasa maana ile nayo ilisumbua dunia mwaka 1998, lakini tuyaache hayo. Mchepuko ninaousema hapa ni kipande cha mshipa kinachochukuliwa sehemu nyingine ya mwili na kushonewa kwenye moyo, damu ikaruka pale palipoziba. Angalia kitu kimoja: palipoziba hapaguswi. Uchafu unabaki palepale, na ugonjwa uliouweka pale unabaki na mwenye nao.

Haya, mwaka 2004. Clinton alikuwa amemaliza miezi ya kuzunguka akitangaza kitabu cha maisha yake. Alikuwa amepunguza uzito, na kwa macho alionekana bora kuliko alivyokuwa Ikulu. Ila kwa muda alikuwa akihisi kifua kinambana na pumzi inakata anapofanya mazoezi. Akajiambia ni kiungulia, au mwili umelegea kwa kukaa sana. Mwanzoni mwa Septemba kifua kikabana akiwa amepumzika tu, hafanyi lolote. Hiyo ndiyo dalili ambayo madaktari wa moyo huiogopa kuliko zote, maana ina maana kwamba hata damu ya kumtosha mtu aliyekaa kitako haipiti vizuri. Alhamisi tarehe 2 akaenda hospitali ndogo karibu na kwake. Kipimo cha umeme wa moyo kikatoka safi. Damu ikapimwa, haikuonyesha kwamba misuli ya moyo imekufa popote.

Wangapi kati yetu, tukiambiwa vipimo ni safi, tungerudi nyumbani na kumshukuru Mungu? Yeye aliambiwa arudi kesho yake. Ijumaa wakampitisha katheta, mrija mwembamba unaopenyezwa ndani ya mishipa hadi moyoni, na kupiga picha ya mishipa yenyewe, na picha haikuficha kitu: mishipa kadhaa imeziba, mingine zaidi ya asilimia 90. Usiku huo alipiga simu kwenye kipindi cha Larry King cha CNN kuwatuliza watu. Ni simu ninayoipenda kwa sababu yangu mwenyewe: mtangazaji mwenye kipindi alikuwa amefanyiwa upasuaji huohuo mwaka 1987. King tutarudi kwake.

Jumatatu tarehe 6 Septemba, katika hospitali ya New York-Presbyterian, timu ya daktari Craig Smith ilimpasua kwa takriban saa nne na kumwekea michepuko minne. Malighafi ilitoka sehemu mbili: ateri ya ndani ya kifua, yaani mshipa wa kupeleka damu, na vena ya mguuni. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kila kilichotokea baadaye kinaanzia hapa.

Vena ya mguu ni mshipa wa kurudisha damu. Maisha yake yote imezoea shinikizo dogo, damu inapanda polepole kuelekea kifuani. Ndani yake ina vilango vya kuzuia damu isirudi chini, ndiyo maana daktari analazimika kuigeuza juu chini kabla ya kuishona, la sivyo vilango vitaifungia damu njia. Sasa mshipa huu mpole unatolewa mguuni na kuunganishwa na aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ambako damu inapiga kwa nguvu ya presha yote ya mwili, zaidi ya mara laki moja kwa siku. Unavumilia kwa kujikaza: ukuta unanenepa. Mwezi wa kwanza hatari ni damu kuganda ndani yake. Mwaka wa kwanza hatari ni huo unene. Baada ya hapo yanaingia mafuta yaleyale yaliyoziba mshipa wa asili, tena kwa kasi kubwa zaidi. Ukihesabu vena zilizopandikizwa, ikifika miaka 10 karibu nusu huwa zimeziba au zimechakaa vibaya.

Ateri ya kifuani ni habari nyingine kabisa. Inapita nyuma ya mfupa wa kifua, imezaliwa katika presha, na ukuta wake wa ndani hutoa kemikali inayoufanya mshipa ulegee na kukataa mafuta kushika. Daktari hahitaji hata kuing'oa yote: huacha ncha ya juu ilipo, anaishusha ncha ya chini na kuishonea kwenye mshipa mkubwa wa mbele wa moyo. Miaka 10 baadaye zaidi ya tisa katika kila kumi huwa bado ziko wazi. Mwaka 1986 madaktari wa Cleveland, Marekani, walionyesha kwamba waliopewa vena peke yake walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miaka 10 mara 1.6 ukilinganisha na waliopewa na ateri ya kifuani. Cleveland ndiko René Favaloro, daktari kutoka Argentina, alikoanza kutumia vena ya mguu mwaka 1967 na kuufanya upasuaji huu uenee duniani. Daktari Vasilii Kolesov alikuwa ameshaitumia ateri ya kifuani kule Leningrad, Urusi, mwaka 1964, lakini ilichukua miaka mingi kabla dunia haijamsikia. Nikimtembelea mtu aliyepasuliwa, swali langu la kwanza si michepuko mingapi. Namuuliza kama walimwekea ya kifuani. Wengi hawajui, wala hawakuambiwa.

Clinton alitoka hospitali ndani ya wiki ileile. Tarehe 25 Oktoba alikuwa jukwaani Philadelphia akimpigia debe John Kerry, mgombea urais wa chama chake, amekonda, sauti imepungua. Machi 2005 akarudi kwenye meza ya upasuaji: maji na makovu yalikuwa yamejijenga kifuani upande wa kushoto yakalibana pafu. Ni tatizo nadra baada ya upasuaji wa moyo. Walimfungua, wakayaondoa. Hilo tulipite. Julai mwaka huohuo alikuwa Afrika tena kwa kazi ya UKIMWI, Rwanda ikiwa mojawapo ya nchi alizopita.

Miaka mitano ikapita, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mtu kovu limekauka, anapanda ngazi, anasema amepona. Januari 2010 tetemeko likaivunja Haiti, na Clinton, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa kule, akawa anakwenda na kurudi. Mapema Februari akahisi kifua kinambana, kidogo, kwa siku kadhaa. Safari hii hakusema ni kiungulia. Tarehe 11 alimwona daktari wake wa moyo, Allan Schwartz, siku hiyohiyo akapigwa picha, na jibu likawa: mmoja wa michepuko minne, ule wa vena, umeziba kabisa.

Sasa walifanya nini? Hawakuuzibua mchepuko. Vena ya zamani iliyojaa ni laini na chafu. Ukiichokonoa vipande vinaweza kumeguka na kusukumwa mbele, vikaziba vimishipa vidogo kule chini. Walichofanya ni kurudi kwenye mshipa wa asili, ule ulioachwa mwaka 2004 kama barabara iliyofungwa, wakaupenyeza waya, wakautanua na kuuwekea stenti mbili, vibomba vya wavu wa chuma vinavyoushikilia mshipa uwe wazi. Bila kufungua kifua. Kesho yake asubuhi alikwenda nyumbani.

Watanzania wanaikumbuka ile kampeni ya UKIMWI iliyobandikwa kila mahali: michepuko si dili, baki njia kuu. Sijui kama aliyeitunga alijua kwamba ametunga pia kanuni ya madaktari wa moyo. Pale inapowezekana, mgonjwa ambaye mchepuko wake wa vena umekufa hutibiwa kwenye njia kuu. Njia nyingine ni kupasua kifua mara ya pili, na hiyo ni kazi nzito kuliko ya kwanza: moyo umeshikana na mfupa kwa makovu, na kuna michepuko iliyo hai ambayo msumeno unaweza kuikata. Manmohan Singh aliipita njia hiyo. Alipasuliwa mara ya kwanza mwaka 1990, na Januari 2009, akiwa Waziri Mkuu wa India mwenye miaka 76, akapasuliwa tena kule Delhi. Miezi michache baadaye muungano wake wa vyama ulishinda uchaguzi.

Turudi kwa Clinton, kwa sababu baada ya stenti zile hadithi yake ilichukuliwa na watu wa vyakula. Alipokea ujumbe kutoka kwa daktari Dean Ornish akimwambia kwamba kwa mwili kama wake kula kwa kiasi hakutoshi. Akaacha nyama, maziwa na mayai, akala maharage, mboga, matunda na nafaka, akapungua uzito zaidi ya kilo 10 kabla ya harusi ya binti yake mwezi Julai. Miaka ya baadaye alirudisha samaki kidogo. Leo ukimuuliza mtu mtaani Clinton aliponaje, utaambiwa: aliacha nyama.

Mimi siikatai mboga. Lakini kisa hiki kikisomwa vizuri hakisemi hivyo. Schwartz mwenyewe alieleza mwaka 2010 kwamba kuziba kwa mchepuko ule hakukutokana na alichokula wala uzembe wa mgonjwa. Ni mwenendo unaotarajiwa wa vena iliyopandikizwa. Maneno hayo yanawaondolea wagonjwa mzigo mkubwa, maana nimewaona wazee wakilaumiwa na watoto wao kwa sababu ya chapati mbili za Idi. Mshipa ungeweza kuziba hata angekula mchicha tangu siku ya kwanza.

Kinachonikereketa zaidi ni jambo lililopita kimya. Clinton alipoondoka madarakani mwaka 2001 kolesteroli yake, au lehemu kama wengine wanavyoiita, ilikuwa juu, na madaktari walimwandikia statini, dawa ya kuishusha. Baadaye akaiacha, kwa kuwa alipunguza uzito na vipimo vikaonekana kukaa sawa. Mwaka 2004 yakatokea yaliyotokea. Siwezi kusema kidonge kile kingemwokoa na kisu, mafuta yalikuwa ya miongo. Lakini kuhusu michepuko ushahidi uko wazi. Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa Marekani uliowagawa waliokwishapasuliwa katika makundi mawili: wengine walishushiwa lehemu mbaya kwa nguvu hadi chini ya miligramu 100 kwa kila desilita ya damu, wengine wakaachwa karibu na 135. Walipopigwa picha baada ya miaka kadhaa, ugonjwa ulikuwa umeendelea katika asilimia 27 ya michepuko ya kundi la kwanza, na asilimia 39 ya kundi la pili. Pengo hilo lililetwa na vidonge vya jioni. Havina picha nzuri ya kuweka mtandaoni kama sahani ya mboga, ndiyo maana havisimuliwi.

Sasa lile swali la miaka mingapi. Waholanzi wa Rotterdam waliwafuata watu zaidi ya 1,000 waliopasuliwa kati ya 1971 na 1980, wakaendelea kuwahesabu kwa miaka 30. Baada ya miaka 10 walikuwa hai takriban 77 katika kila 100. Baada ya miaka 20, kama 40. Baada ya miaka 30, kama 15. Na karibu theluthi yao walihitaji kuzibuliwa au kupasuliwa tena njiani. Kumbuka watu hao walipasuliwa kabla statini hazijaingia sokoni, wakati ateri ya kifuani ilikuwa bado haijawa kawaida. Wadenmark nao walipowaangalia zaidi ya watu 50,000 waliona umbo la kushangaza: ukishavuka mwezi wa kwanza, kwa miaka kama minane hadi 10 aliyepasuliwa anakufa kwa kiwango kinachokaribiana na cha jirani yake wa rika lake ambaye hajapasuliwa. Kisha pengo linafunguka. Mtu akiziweka takwimu hizo kando ya kile nilichosema kuhusu vena na miaka 10, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndani ya takwimu hizo mna watu wa kila aina. Boris Yeltsin, akiwa Rais wa Urusi, alipasuliwa Moscow Novemba 1996, michepuko mitano, moyo ukiwa umeshaumia kwa shambulio juu ya shambulio. Aliishi miaka 10 na miezi kadhaa. Moyo ambao misuli yake imeshakufa haufufuliwi na mchepuko, na hilo ndilo linalomtenga na Clinton, ambaye alifika hospitali kabla misuli haijapotea. Larry King, yule wa simu, aliishi miaka 33 baada ya kisu, akafa Januari 2021 akiwa na miaka 87. Henry Kissinger, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipasuliwa 1982. Alikufa Novemba 2023 na umri wa miaka 100. Hao wawili wa mwisho walibeba vifuani mwao mishono ya zama ambazo vitabu vya leo vingeikosoa.

Huku kwetu, zamani baipasi ilikuwa na jina la pili: India. Harambee, michango ya harusi ikaahirishwa, shamba likauzwa, mgonjwa akapandishwa ndege. Siku hizi upasuaji huu unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na Nairobi pia. Tatizo ninaloliona limehamia mbele. Familia huchangishana kwa ajili ya kisu na kuishiwa pumzi palepale. Hakuna anayepitisha kofia kwa ajili ya aspirini na statini za mwaka wa saba. Na mgonjwa akihisi kifua kinabana mwaka wa saba, anasita kusema, kwa sababu atawaambia nini wale waliouza shamba? Nilimjua mzee mmoja aliyelificha hilo miezi mitatu kwa aibu tu, akidhani kuziba tena ni sawa na kula pesa za watu. Clinton alikuwa na daktari wa kumwona siku ileile na chumba cha katheta kinachomsubiri; ukiondoa hayo kwenye kisa chake, Februari 2010 inaweza kuwa na mwisho mwingine. Saa zile chache kati ya kubanwa na kupigwa picha nazihesabu kuwa na uzito sawa na ateri ya kifuani.

Yaliyofuata kwake yalikuwa ya mwili unaozeeka kwa ujumla. Oktoba 2021 alilazwa California siku sita: maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa yameingia kwenye damu. Waandishi wote waliuliza kuhusu moyo, na jibu likawa hapana, si moyo. Agosti 2024 alipanda jukwaani Chicago kwenye mkutano wa chama chake akiwa na miaka 78, mikono ikitetemeka kidogo, wiki mbili na ushei kabla ya kutimiza miaka 20 tangu kisu. Desemba 23 mwaka huo akalazwa Washington kwa homa. Wakakuta mafua makali, wakamruhusu kesho yake, mkesha wa Krismasi. Tarehe 26, siku mbili baadaye, Delhi ikatangaza kifo cha Manmohan Singh. Alikuwa na miaka 92, na ilikuwa imepita miaka 34 tangu mchepuko wake wa kwanza.